Neno la Mlangoni

Mtu akifikia umri wangu huanza kuulizwa maswali ambayo zamani alikuwa akiwauliza wazee wake. Mjukuu wangu wa kwanza, ambaye ni karani wa benki mjini, alikuja kunisalimu wakati wa Krismasi, akaniuliza: "Babu, wewe ulikuwa unafanya nini kazi ikikuzidi?" Akanieleza kwamba kazini kwao waliletewa mtaalamu aliyewafundisha kujisemea maneno mafupi pindi moyo unapoanza kwenda mbio: "Niko salama", "Kila kitu kiko sawa", na mengine ya namna hiyo. Yeye huyasema, tena kwa bidii, lakini ni kama kulimwagia maji jani la mgomba. "Nasema kila kitu kiko sawa, Babu, na huku najua hakiko sawa."

Nilimjibu kwa methali mbili tatu, kama ilivyo desturi yetu wazee tunapotaka kulikwepa swali gumu. Alipoondoka nikajiona nimekuwa mwalimu mvivu. Maana swali lake si dogo, na ndani yake mna maswali mawili ya maadili. Je, ni haki mtu kujituliza kwa maneno wakati mambo yenyewe hayajatulia? Na je, ni haki kumtuliza mwenzake kwa maneno hayo hayo? Nimekaa na maswali hayo muda mrefu. Katika kurasa hizi nitajaribu kuyajibu kwa kueleza maneno matatu niliyopata kuyatumia. La kwanza lilinifaa, la pili linanisuta hadi leo, na la tatu ninalitumia kila asubuhi.

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1975 katika shule ya msingi ya kijijini. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka hali ilivyokuwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo mwaka 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa. Lilikuwa jambo jema na mpaka leo naliunga mkono. Lakini jambo jema nalo lina uzito wake, na sehemu kubwa ya uzito huo ilituangukia sisi walimu. Mwaka 1978 nilikuwa na darasa la tatu lenye watoto 82. Madawati hayakutosha, wengine waliketi juu ya matofali na wengine sakafuni. Vitabu vya kusoma vilikuwa 11. Nilikuwa kijana wa miaka 27, na hasira yangu ilikuwa karibu kama chaki iliyo mfukoni.

Asubuhi moja mtoto mmoja alifika kipindi cha pili kikiwa kimeanza. Nilimchapa mbele ya wenzake kabla ya kumwuliza lolote. Hakulia. Alisimama tu akinitazama, na miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini. Baadaye niliambiwa kwamba baba yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyekuwa akiwavusha ng'ombe mtoni alfajiri kabla ya kuja shule. Mwalimu mkuu wetu, mzee aliyefundisha tangu enzi za mkoloni, alikuwa akipita barazani. Hakunikemea mbele ya watoto. Saa nane mchana, watoto walipokwisha kutawanyika, aliniita chini ya mwembe, palipotundikwa ile rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu.

"Mwalimu," aliniambia, "kesho usiingie darasani moja kwa moja. Simama mlangoni. Weka mkono kwenye mwimo wa mlango, shusha pumzi, halafu ujiambie: Hawa ni watoto. Ukisha, ingia."

"Ni hilo tu, mzee?"

"Ni hilo tu. Lakini usilingojee mpaka uwe umeshaingia. Ukishaingia umechelewa."

Nilikwenda nyumbani nikiona ni mchezo wa kitoto. Kesho yake nilifanya kwa heshima tu, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Nilifanya tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Sikumbuki ni wiki ya ngapi nilipotambua kwamba kiboko kinabaki ofisini. Madawati hayakuongezeka wala vitabu havikuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kuwaona. Nilimwona aliyekuwa akisinzia kwa njaa, na yule aliyekuwa akikunja macho kwa sababu haoni ubaoni, na nikambadilishia mahali pa kuketi.

Nimelitafakari sana neno lile. "Hawa ni watoto" si habari mpya; hakuna mwalimu asiyejua kwamba wanafunzi wa darasa la tatu ni watoto. Lakini hasira humsahaulisha mtu yale anayoyajua. Mtu akighadhibika au akiogopa, mwili wake hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda kwa kasi, pumzi hupanda kifuani, misuli hukaza. Katika hali hiyo hata mtoto mwenye matope miguuni huonekana adui. Pumzi ikishushwa polepole, moyo nao hupunguza mwendo, na yale tuliyokuwa tukiyajua hurudi. Baada ya miaka mingi nilisoma kwamba daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, Herbert Benson, alichapisha kitabu mwaka 1975, yaani mwaka ule ule niliopangiwa shule, akieleza kwamba mtu akikaa kimya akarudia neno moja fupi pamoja na pumzi yake, mapigo ya moyo na upumuaji hupungua. Mzee wangu wa chini ya mwembe hakuwa amemsoma Benson. Na kabla yao wote wawili, Mwislamu alikuwa akihesabu tasbihi yake baada ya swala, 33 kwa 33, na Mkatoliki alikuwa akipitisha punje za rozari vidoleni. Kwa hiyo jambo lenyewe ni la kale, na lina nguvu ya kweli. Mtu asilidharau.

Lakini mbona mjukuu wangu halimfai? Nadhani ni kwa sababu neno alilopewa si kweli. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliwapa watu sentensi ya kujisifu waikariri. Wale waliojithamini waliongezeka furaha kidogo. Wale waliojiona duni, ambao hasa ndio waliohitaji dawa, wakajisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyo ambao hawakuikariri. Sishangai. Moyo wa mtu si mtoto mchanga wa kubembelezwa kwa njuga. Ukiuambia jambo usiloliamini, huanza kukuhoji mfano wa wakili.

Sisi Waswahili tunalo neno moja la namna hiyo ambalo limetutangulia kila nchi. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilitoa wimbo uliowafundisha watalii kusema hakuna matata, na mwaka 1994 filamu ya katuni ya Marekani ikalipeleka dunia nzima. Leo linauzwa kwenye fulana. Silichukii, kwa maana mgeni aliye mapumzikoni ana haki ya kupumzika. Lakini hebu litazame: linasema tatizo halipo. Mwenye kulisema huku tatizo lipo amefumba macho tu, na tulizo la aliyefumba macho hudumu mpaka ajikwae.

Sasa nifike kwenye neno la pili, ambalo ningependa kuliruka, lakini insha hii ingekuwa uongo.

Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Sitakitaja, kwa kuwa kosa ninalolieleza ni langu. Ulikuwa muhula mgumu. Fedha za chakula zilichelewa, wazabuni wa maharage na unga walikuwa wakinifuata hadi nyumbani, na wakaguzi walikuwa wanatarajiwa wiki iliyofuata. Wakati huo nilikuwa na neno langu la kujituliza: "Mambo haya hupita." Nililisema asubuhi nikinyoa ndevu, nililisema nikifungua barua. Nalo lilinisaidia kweli, maana ni kweli kwamba madeni ya maharage hupita.

Jioni moja mwanachuo mmoja wa kike wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini. Alisema, "Shikamoo, Mkuu," nikaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye hesabu zangu. Akaanza kueleza. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi mmoja aliyekwenda kumkagua alikuwa hajamwandikia alama zake. Alisema amemfuata mara tatu, na kila mara mkufunzi humwambia aje jioni, nyumbani kwake, wakati mke wake amesafiri. Aliyasema hayo akitazama sakafu, akisokota ncha ya kanga yake. Nilielewa alichokuwa akisema. Nataka msomaji ajue hivyo. Nilielewa.

Nikamwambia: "Tulia, binti yangu. Mambo haya hupita."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Asante, Mkuu," akatoka, akafunga mlango taratibu kama tulivyowafundisha.

Likizo ilipokwisha hakurudi. Matroni ndiye aliyeniambia. Nikaandika barua kwao, na baada ya mwezi baba yake akanijibu kwa mistari minne: kwamba binti yupo nyumbani, ni mzima, hatarudi chuoni, na anakusalimu. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Mkufunzi yule nilimwandikia onyo kali, na mwaka uliofuata akahamishwa, lakini hayo nayafahamu kuwa yalikuwa maji ya kunawa baada ya chakula. Nilimwambia binti yule mambo haya hupita, nayo yakapita, na yeye akapita pamoja nayo. Nchi ilipoteza mwalimu. Yeye alipoteza zaidi ya hapo, na sina kipimo chake.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba neno lenyewe lilikuwa jema ila nililisema vibaya. Siku hizi naona vingine. Siku ile sikuwa nikimtuliza yeye. Nilikuwa nikijituliza mimi. Habari aliyoniletea ilinitia hofu, kwa kuwa ilinidai nisimame, nimwite mwenzangu ambaye nilikunywa naye chai kila siku, na kufungua jambo zito wiki ya wakaguzi. Neno langu likanikinga na hayo yote. Na kwa kuwa nilikuwa mkuu na yeye mwanachuo, kinga yangu ikawa mzigo wake.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa, ambayo wanaofundisha elimu ya kutulia hawaitaji sana. Miongoni mwa wanafalsafa wa kale waliojifunza kutuliza nafsi kwa maneno mafupi walikuwamo wawili wasiofanana kabisa. Epictetus alizaliwa mtumwa. Marcus Aurelius alikuwa mfalme wa Roma tangu mwaka 161 hadi alipofariki mwaka 180, naye aliyasoma mafundisho ya yule aliyekuwa mtumwa, akaandika maneno yake mwenyewe kwa Kiyunani, mengine akiwa vitani karibu na mto Danube. Linalonipendeza ni kwamba mfalme yule aliandika kwa ajili ya nafsi yake. Alikuwa akijikemea mwenyewe asikasirike na asichoke na watu. Hakuyabandika ukutani ili raia wake watulie. Mtumwa akijiambia avumilie, amejipatia uhuru mdogo ambao bwana wake hawezi kuufikia. Bwana akimwambia mtumwa avumilie, amemfunga mnyororo wa pili.

Basi neno la kutuliza ni dawa ya kujitibu. Mwenye cheo asiwe mwepesi wa kuwanywesha walio chini yake, hasa wanapokuja na malalamiko ya haki. Nasi katika jamii yetu tumelikosea jambo hili mara nyingi. Mtoto akitumbukia katika kisima kisichofunikwa, husikika msibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Nami mwenye kuamini naitikia amina. Lakini kisima hubaki wazi. Mungu hakutuzuia kukifunika. Subira yavuta heri, ni kweli, ila wako watu ambao heri yao hutokana na subira ya wengine.

Je, tunyamaze tu mbele ya mwenye kuumia? La hasha. Na hapo ndipo ninapofikia neno la tatu, nalo nilifundishwa nikiwa nimeshastaafu.

Mke wangu alipatwa na kiharusi mwezi Agosti 2018. Yeye naye alikuwa mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 34. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na maneno yakamtoka. Ubongo ukiumia namna ile, mtu aweza kupoteza uwezo wa kutunga sentensi, lakini akabakiwa na yale yaliyozoeleka mno: salamu, sala, kuhesabu. Mke wangu hawezi kuniambia kwamba mto umekaa vibaya, lakini anasali Baba Yetu mpaka mwisho. Na amebakiwa na maneno matatu ya kila siku: haya, asante, na pole.

Mimi ndiye ninayemlisha uji asubuhi. Bakuli moja huchukua karibu saa nzima, kwa sababu kumeza ni kazi, na akiharakishwa hupaliwa. Mwanzoni niliona ni adhabu. Niliketi pale na mwili wangu, lakini akili ilikuwa shambani, au kwenye daktari wa Jumatatu, au miaka iliyopita. Ndipo nilipomkumbuka mzee wa chini ya mwembe, nikajitafutia neno. Nikapata hili: "Kijiko hiki." Basi. Nikikijaza najiambia kijiko hiki, nikikifikisha mdomoni kwake najiambia kijiko hiki. Sijisemei kwamba atapona, maana sijui. Wala sijisemei kwamba kila kitu kiko sawa. Najisemea kile nilicho nacho mkononi, nacho ni kweli kabisa.

Hata hivyo neno halikunifanya malaika. Asubuhi moja, nadhani ilikuwa mwaka wa pili, nilikuwa sijalala vizuri. Nikapeleka kijiko kwa pupa, uji ukammwagikia kifuani. Nikalitupa lile taulo chini na kusema kwa sauti kubwa jambo ambalo sitaliandika. Alinitazama. Akainua mkono wa kushoto, akaniwekea kifundoni, akasema: "Pole."

Aliyeungua alikuwa yeye. Aliyekuwa mgonjwa alikuwa yeye. Naye ndiye aliyenipa pole.

Tangu siku hiyo nimelistahi neno hilo kuliko yote tuliyonayo. Wageni hulishangaa. Mtu akijikwaa barabarani, wapita njia wote humwambia pole, na mgeni huuliza mbona mnaomba radhi na si ninyi mliomwangusha? Hajui kwamba pole si kukiri kosa. Pole inasema: nimeona kwamba umeumia. Haisemi maumivu hayapo, wala haisemi yatapita. Inaketi na mwenye kuumia pale alipo. Tena neno lenyewe limebeba maana ya utaratibu na upole, kana kwamba linamwonya anayelisema asiharakishe.

Sasa nalijua nililopaswa kumwambia binti yule mwaka 1996. Nilipaswa kuweka kalamu chini na kusema: "Pole, binti yangu. Kaa. Niambie yote." Na kabla ya hapo, wakati moyo wangu ulipoanza kwenda mbio kwa hofu, nilipaswa kujiambia kimoyomoyo neno fupi la kweli, kwa mfano: "Huyu amekuja kwangu." Neno kama hilo lingenituliza pia. Lakini lingenituliza ili nisimame, si ili niendelee na hesabu zangu.

Hiki ndicho kipimo nilichokipata, na ninakitoa kwa yeyote atakayekihitaji. Ukijiambia neno la kukutuliza, jiulize kwanza kama ni kweli. Kisha jiulize, baada ya kulisema, je, unamwona zaidi aliye mbele yako, au umeacha kumwona? Likikurudisha kwake, lishike, hata kama ni dogo kama kijiko. Likikuondoa kwake, liache, hata kama lina sauti ya dini au ya hekima.

Pasaka mjukuu wangu alikuja tena, nami nikamweleza hayo kwa ufupi. Akaniambia kwamba dirishani kwake husimama foleni mpaka mlangoni, na kwamba madirisha mawili kati ya matano hayana watu. Nikamwambia suala la madirisha alifikishe kwa meneja wake, kwa adabu na kwa maandishi, kwa sababu hilo halitulizwi kwa kujisemea. Lakini kwa mtu mmoja mmoja anayefika mbele yake, ajaribu kujiambia: "Huyu mmoja."

"Ni hilo tu, Babu?"

"Ni hilo tu," nikamjibu. "Lakini liseme kabla hajafika dirishani. Akishafika umechelewa."